Ni Nani Amembemenda Mtoto?



Katika mitaa ya mji wetu, tangu Kibokoni na Kuze hata Bondeni na Majengo, mtoto anyonyaye au aliyeachishwa ziwa karibuni akianza kunyong'onyea, nywele zikampauka na miguu ikamvimba, hakosi kutokea mtu wa kusema kwa sauti ya chini kwamba mtoto yule amebemendwa. Maana ya neno hili yajulikana na kila mtu mzima: kwamba baba na mama wamekutana kabla ya mtoto kuacha kunyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na dhara ya kitendo hicho imemfikia mtoto. Jirani zetu Wamijikenda wana itikadi iliyo jamaa ya hii, nao huiita chirwa. Wengine husema la, hilo ni jicho. Mtoto alikuwa mzuri, akatazamwa. Basi mama huambiwa mwandikie kombe, mfungie hirizi, mpeleke kwa fulani. Huku siku zapita, na katika maradhi haya kila siku ipitayo yapunguza tamaa ya kupona. Tena lililo zito zaidi ni kuwa mama yule, juu ya msiba wake, hupita njiani akiwa mshitakiwa.

Katika darsa yetu tumeonelea jambo hili lisomwe polepole, kwani ndani yake mna hukumu za dini, mna siha ya mwili, na mna habari za mapato na matumizi ya nyumba zetu. Na mtu akichukua moja akaacha mengine hatafika.

Tuanze na dini. Amepokea Imam Muslim katika Sahihi yake, kutoka kwa Bibi Judama binti Wahb, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa amekusudia kuwakataza watu ghila, kisha akakumbuka kuwa Warumi na Waajemi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, basi hakukataza. Ghila, kwa walivyoieleza ulama, ni mume kumwingilia mkewe anyonyeshaye. Na wengine wakasema ni mwanamke kunyonyesha naye ni mjamzito. Ni kweli kwamba iko hadithi nyingine, katika Sunan ya Abu Daud, yenye kuonya juu ya ghila, na wako ulama waliozikusanya mbili hizi wakasema kuwa onyo lile ni la nasaha, si la kuharimisha. Msomaji na atazame jinsi Mtume wetu alivyolikata jambo hili: aliyaangalia mataifa mawili makubwa ya zama zake, akaona watoto wao wazima, akaacha kuwatia watu katika dhiki. Ama jicho, hatulikanushi, kwa kuwa lina hadithi zake zilizo sahihi. Lakini Mtume yule yule ndiye aliyewaamuru watu wajitibu, na mwenye kushika neno moja akalitupa la pili hakufuata sunna bali amefuata hofu yake.

Pamoja na hayo hatuwezi kusema kwamba bibi zetu hawakuona kitu. Waliona, na waliona sawasawa, ila walikosea kutaja sababu. Mwaka 1933 tabibu mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto wenye uvimbe, nywele za rangi ya kutu na ngozi yenye kubambuka. Mwaka 1935 akayapa maradhi hayo jina alilolipata kwa akina mama wa Kiga wa huko: kwashiorkor, na maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeng'olewa mahali pake na mdogo wake ajaye. Angalieni jinsi maneno yanavyokutana kutoka pwani moja ya Afrika hata ya pili! Mama amepata mimba, mtoto amekatwa ziwa ghafula, na badala ya ziwa amewekewa uji mweupe mtupu au chai na kipande cha mkate. Hapo chakula kimempungukia, na maradhi ya kuhara yampiga upande wa pili. Kilichomdhuru si tendo la wazazi wake. Ni kilichokosekana katika bakuli lake. Na hadhari moja hapa: mtoto wa namna hii huweza kuonekana mnene, mashavu yamejaa, hata jirani wakasema amenona, kumbe ni maji. Ukibonyeza kwa kidole juu ya nyayo zake zote mbili, ukaondoa, na alama ya kidole ikasalia, usingoje kesho, mpeleke hospitali.

Iko njaa ya pili, nayo haina uvimbe wala kilio, na kwa hivyo ndiyo iliyotuzoea. Hiyo ni kudumaa. Mtoto acheka, acheza, aenda chuoni, lakini kimo chake si cha umri wake, na si kimo tu kilichopungua bali mara nyingi pia nguvu ya kufahamu na ya kustahimili maradhi. Upungufu huu hujengeka tangu mimba mpaka mwaka wa pili wa mtoto, na baada ya hapo kuurudisha ni kazi kubwa mno. Uchunguzi mkuu wa serikali ya Kenya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5 katika nchi nzima, 18 wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26, na kwa hilo twamshukuru Mungu. Lakini Kilifi, ambayo haituachi mbali, idadi ilikuwa 37 kwa 100, na hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kupita kaunti zote za Kenya. Uchunguzi ule ule ulionyesha kuwa watoto wa nyumba zilizo maskini kabisa hudumaa takriban mara 3 kuliko watoto wa nyumba za matajiri. Sasa twauliza: je, kukutana kwa wazazi na kijicho cha watu huwaendea maskini mara tatu na kuwapita wenye mali?

Jawabu la swali hili limo katika kisa kimoja ambacho twapenda kila Mwislamu wa mji huu akijue. Amekipokea Ibn Saad katika Tabaqat. Msafara wa wafanya biashara ulishukia kwenye uwanja wa kusalia huko Madina, na Sayyidna Umar (R.A.), naye ndiye Khalifa, akatoka usiku pamoja na Abdulrahman bin Auf kuwalinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamwambia amche Mungu na amtendee mwanawe wema, kisha akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, na Umar akarudi tena na maneno yale yale. Mwisho wa usiku, kilio kilipozidi, akamwambia kwamba yeye ni mama mbaya. Yule bibi, hali hajui anasema na nani, akamjibu kuwa amemchosha usiku kucha. Kwamba anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu na mtoto akataa, kwa sababu Umar hatoi posho ya Baitulmali ila kwa mtoto aliyekwisha acha kunyonya. Akamwuliza umri wake, akaambiwa ni wa miezi tu. Umar akenda kusalisha Alfajiri, na watu hawakuweza kupambanua kisomo chake kwa kulia. Alipotoa salamu akajilaumu mbele ya watu kwa watoto wa Waislamu waliokufa kwa amri yake, kisha akaamuru ipigwe mbiu kwamba watu wasiwaharakishe watoto kuacha ziwa, na kwamba tangu siku ile kila mtoto azaliwaye katika Uislamu ana posho yake. Akaandika barua kwa miji yote.

Tazameni basi. Umar naye alianza pale pale tunapoanzia sisi: alimlaumu mama. Mara tatu alimlaumu. Tena lawama yake ilikuwa ya mtu mwema mwenye huruma, na bado ilikuwa lawama isiyo mahali pake. Mtoto alikuwa akibemendwa na daftari la posho. Tofauti baina ya Umar na watu wa barazani ni kuwa yeye aliuliza, na alipojibiwa hakuona haya kujirudi.

Natuulize na sisi katika mji wetu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul Baqara, aya ya 233, kunyonyesha kwa miaka 2 iliyotimia kwa mwenye kutaka kutimiza, na katika aya hiyo hiyo akamwekea baba wajibu wa chakula na nguo za mama. Matabibu wa leo wasema mtoto na anyonye ziwa tupu miezi 6, pasi na maji wala uji, kisha aongezewe vyakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Maneno haya mawili hayagombani. Lakini mwanamke wa Majengo anayetoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu Nyali au Tudor, akarudi magharibi, ataitimizaje miezi 6? Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 imempa mzazi likizo ya miezi 3 yenye mshahara, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Ni sheria njema. Ila huyu fuaji wetu, na muuza viazi karai, na mwenye kukaanga mahamri usiku ili yauzwe asubuhi, hana mwajiri wa kumwandikia likizo. Siku asiyofanya kazi ni siku isiyo na moto jikoni. Mtoto huachiwa bibi, au dada yake wa miaka tisa, pamoja na chupa. Na ndani ya chupa mna nini? Maziwa ya kopo yaliyozimuliwa yadumu juma zima, kwa maji ya kununua.

Huyo huyo Cicely Williams, alipokuwa Singapore mwaka 1939, alisimama mbele ya watu wakubwa akasema kuwa kuwadanganya akina mama kwamba maziwa ya kopo yenye sukari yafaa kwa watoto wachanga ni sawa na kuwaua. Kenya ilipitisha sheria ya kuzuia matangazo ya maziwa hayo mwaka 2012.

Tumetaja maji, na hapa hatuna budi kukaa kidogo, kwani wengi wadhani utapiamlo ni habari ya chakula peke yake. Mtoto aharaye kila mwezi hata akilishwa vizuri chakula hakikai mwilini. Bomba kubwa la kuleta maji Mombasa kutoka chemchemi za Mzima lilikamilika mwaka 1957. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilikuta Mombasa watu takriban 180,000. Hesabu ya mwaka 2019 ikakuta 1,208,333. Yameongezwa maji ya Baricho na ya Tiwi, lakini kila mkaazi wa kisiwani ajua mfereji ulivyo mkavu, na kila mtu amsikia mchuuzi na mkokoteni wake wa mitungi ya lita 20. Visima vya Mji wa Kale ni vya zamani, maji yake yana chumvi, na vyoo vya shimo vimejengwa karibu navyo kwa kuwa nyumba zimesongamana. Nyumba iliyojengewa ukoo mmoja leo kila chumba kina watu wake na jiko lake. Mwenye uwezo ana tangi juu ya paa na huchemsha maji. Asiye na uwezo hununua maji kwa mtungi, na kwa ghali zaidi kuliko aliye na mfereji. Kuchemsha nako kwataka makaa. Hapo ndipo umaskini unapoingia tumboni mwa mtoto hata siku aliyoshiba.

Ama kazi za wanaume, twajua zilivyo. Mji huu ulikula kwa bandari. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 na serikali ikataka makasha ya mizigo yapelekwe moja kwa moja Nairobi, madereva, makarani na makuli wengi walikaa bure. Watu waliandamana mwaka 2019, na agizo lile halikuondolewa ila Septemba 2022. Mei 2020, wakati wa korona, Mji wa Kale ulifungwa takriban mwezi mzima, asitoke mtu wala asiingie. Wenye mishahara walikaa na mishahara yao. Wenye kula kwa kutoka walibaki kutazamana. Mtoto aliyekuwa na miezi minane wakati ule alivuka mwezi huo kwa chai kavu, na mwezi mmoja katika umri huo si mwezi mmoja katika umri wetu sisi.

Pamoja na haya yote tusiseme uwongo tukamsingizia umaskini kila kitu. Iko fedha ipitayo mikononi mwetu isiyofika jikoni. Kijana ana mke na mtoto, na kila alasiri ana fungu lake la mirungi au la muguka, na soda ya kusindikizia. Mei 2024 Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Sisi hapa hatujadili mahakama, twajadili mfuko. Thamani ya fungu moja na soda yake yatosha kununua mayai, au dagaa wa kutwangwa wakatiwa katika uji wa mtoto, au pojo ya kulisha nyumba nzima. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alipotoa Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alikuwa akiwaonya watu wa pwani juu ya mambo yanayowarudisha nyuma, na israfu ni mojawapo. Miaka mingi imepita, na bado twaona arusi ya siku nne ikilipiwa kwa deni, kisha bibi arusi yule yule, akiwa na mimba ya kwanza, damu haba, ashindia muhogo wa kukaanga. Mtoto wake atazaliwa na uzito pungufu, naye ataanza mbio yuko nyuma.

Liko jingine ambalo wanaume hatupendi litajwe. Ni talaka. Mwanamke apewaye talaka na mtoto mchanga kifuani hurudi kwa wazazi wake, na mara nyingi hurudi mikono mitupu. Mwenyezi Mungu amesema wazi katika Suratut Talaq, aya ya 6, kwamba wakiwanyonyeshea baba zao watoto, basi wapewe ujira wao. Ni haki yenye jina. Na katika aya ya Baqara tuliyoitaja, hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka 2 kumewekewa sharti la wazazi wawili kushauriana na kuridhiana. Si jambo la mmoja kuamua kwa hasira au kwa njaa. Wala nyumba isiyo na talaka haikuachwa: Bibi Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe ni mzito wa mkono, aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Mama aliyeachwa asiyepewa nafaqa na aende kwa Kadhi, na ndugu zake wanaume wamsindikize badala ya kumwambia anyamaze kwa kulinda heshima ya ukoo. Heshima gani, na mtoto anadumaa?

Huenda msomaji akasema: maji ni ya serikali, bandari ni ya serikali, sisi wana wa darsa tufanye nini? Tumpe habari za Iringa, Tanzania. Kuanzia mwaka 1983 serikali ya Tanzania pamoja na mashirika ya UNICEF na WHO walianza kazi katika vijiji 168 vya mkoa ule. Watoto walipimwa uzito kila miezi mitatu, na matokeo hayakupelekwa ofisini yakafungiwa. Yaliwekwa mbele ya kamati ya kijiji chenyewe, na watu wakauliza: huyu amepungua, kwa nini? Wakaona kuwa mara nyingine chakula kipo ila mama yuko shamba mchana kutwa na mtoto ala mara mbili tu. Vijiji vikaweka mahali pa kutunzia watoto mchana. Kwa muda wa miaka minne hivi, watoto waliopungua vibaya sana walishuka kutoka takriban 6 kwa 100 hata chini ya 2. Na katika mafunzo yaliyopatikana huko Iringa ndimo UNICEF walimotoa, mwaka 1990, mpango wao wa kuzitafuta sababu za utapiamlo ngazi kwa ngazi: chakula na maradhi kwanza, nyuma yake hali ya nyumba, na nyuma yake hali ya mji na ugawaji wa mali. Ni mwendo ule ule wa Umar wa kutoka kwenye kilio cha mtoto hata kwenye daftari.

Mtaa wetu una msikiti, una chuo, una watu wenye kujuana kwa majina. Kila mtoto ana kijitabu chake cha kliniki. Utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hata miaka 5 ni kitu chepesi: ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa, na baina ya hapo na 12.5 ni wa kuangaliwa. Akina mama wawili watatu wa mtaa, wakifunzwa na wauguzi, waweza kujua hali ya watoto wote wa mtaa kabla ya adhana ya Adhuhuri.

Lililobaki ni mali, nayo ipo. Kila Ramadhani wenye uwezo hutoa kapu: mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta, na tende. Mungu awalipe. Lakini twaomba wasimamizi wa makapu wakae na kalamu wahesabu jambo hili. Mtoto aliyetimiza miezi 6 Mfungo Mosi, siku chache baada ya kapu kwisha, ndio kwanza aanza kula. Atapita Mfungo Pili, Mfungo Tatu, mpaka Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani, na kapu jingine litakapomfikia umri wake utakuwa umekaribia mwaka mmoja na nusu, na sehemu kubwa ya kile kimo alichopaswa kukipata imekwisha pita. Tena ndani ya kapu lile cha kumjenga mwili ni kidogo. Mna cha kumshibisha. Zaka ikitimia mwaka wake hutolewa, wala haikufungwa kwa Ramadhani. Kwa hivyo tumekubaliana katika darsa kwamba Jumanne ijayo, baada ya Isha, kila mmoja aje na majina ya wajawazito na wenye watoto chini ya miaka 2 wa uchochoro wake anaowajua kuwa ni wahitaji, na wenye maduka ya nafaka walioahidi pojo, kunde na dagaa waje nao, ili tujue nani atapeleka wapi, na kila baada ya siku ngapi.